Mfarishi wa Kwanza Uwe Wako

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, mama zangu, dada zangu na kaka zangu mliofika, itifaki nyingine zote zikiwa zimezingatiwa, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia kazi ninayoipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya sindano. Nayo ni kushona mifarishi nyumbani, yaani yale matandiko mazito ya tabaka tatu ambayo uso wake huungwa kwa vipande vya vitambaa, katikati hujazwa pamba au blanketi, kisha tabaka zote hushonwa pamoja kwa mistari inayopenya mpaka mgongoni. Wengi wetu tulianza kazi hii kwa nia ya kumpa mtu fulani: mjukuu aliyezaliwa, binti anayeolewa, rafiki anayehamia Njombe au Makete na hajui baridi ya huko mwezi wa saba. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, leo nataka niwashawishi mbadilishe mpangilio, ili mfarishi wa kwanza mtu ajishonee mwenyewe, ajifunike, aufue, auanike, auone unavyochakaa, na ndipo aanze kuwashonea wengine.

Ninaposema mfarishi wa kisasa nakusudia ule unaopendelea vitambaa vya rangi moja, vipande vikubwa, mpangilio usiolazimika kulingana kushoto na kulia, na nafasi pana iliyoachwa wazi ili jicho lipumzike. Nchini Marekani washonaji wa mtindo huu walianzisha chama chao, Modern Quilt Guild, mwaka 2009, na mwaka 2013 wakafanya maonyesho yao makubwa ya kwanza katika mji wa Austin, jimbo la Texas. Lakini uhuru huo wa kupanga vipande haukuzaliwa mwaka 2009. Kwa maoni yangu, anayetaka kuuelewa hana budi kwenda kwanza Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi katika jimbo la Alabama, mahali ambapo mto Alabama umepinda na kukizunguka kijiji pande tatu.

Mababu wa watu wa kijiji hicho walikuwa watumwa katika shamba la pamba lililoanzishwa na Joseph Gee mwaka 1816, ambalo baadaye liliingia mikononi mwa Mark Pettway, na ndiyo sababu hadi leo watu wengi wa pale wana jina la Pettway. Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, na baridi ilipoingia wanawake waliikabili kwa kushona suruali kuukuu za shambani, magauni yaliyochanika na magunia ya pamba. Walishona kwa ajili ya vitanda vyao, tena kwa wingi, kwa kuwa mfarishi mmoja haukutosha. Mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney huko New York, na mwaka 2006 shirika la posta la Marekani likatoa stempu zenye picha za mifarishi yao. Wahakiki wa sanaa walistaajabu kuona mipango ya rangi ya ujasiri kiasi kile ikitoka kwa watu ambao hawakuwa wamesoma chuo chochote cha sanaa.

Mimi naona chanzo cha ujasiri ule kiko wazi. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wao, Freedom Quilting Bee, ambao uliwaletea kipato walichokihitaji sana, lakini maduka ya mijini yaliyoagiza kazi zao yalitaka mifarishi inayofanana, yenye michoro iliyokwisha kupangwa. Mwaka 1972 ushirika ukapata mkataba wa kuishonea kampuni ya Sears foronya za mito kwa kitambaa cha kodrai, foronya ambazo zote zilipaswa kuwa sawasawa. Mabaki ya kodrai ile, ya rangi ya dhahabu, chungwa, nyekundu na kijani, yakarudi majumbani, na humo, kwenye vitanda vyao wenyewe, ndimo ilimoshonwa baadhi ya mifarishi mizuri kuliko yote ya kijiji kile. Kitambaa kilikuwa kilekile na mikono ileile, isipokuwa nyumbani hapakuwa na mteja wa kuridhishwa.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kutaka uanze na wako. Sababu ya pili ni ya kiufundi, nayo nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Chukua kitanda chako cha futi 4 kwa 6. Ukitaka mfarishi uning'inie nusu futi kila upande, hautatosha mara utakapogeuka usingizini, kwa hiyo mimi hushauri futi moja kila upande wa kushoto na kulia, na futi moja miguuni, ambayo inakupa upana wa futi 6 na urefu wa futi 7, yaani inchi 72 kwa 84. Kwa vipande vya inchi 6 utahitaji safu 14 zenye vipande 12 kila moja, jumla 168, na kila kimoja kikatwe inchi 6 na nusu, kwa kuwa mshono unakula robo inchi kila upande. Kwa vipande vya inchi 12, vinavyokatwa inchi 12 na nusu, utahitaji 42 tu. Anayeanza namsihi achague hivi vikubwa. Robo inchi ile isichezewe: kila upande wa mshono ukila thumni ya inchi zaidi, safu yenye vipande 12 ina mishono 11, na mwisho wake itakuwa fupi kwa karibu inchi 3, wakati jirani yake iliyoshonwa kwa uangalifu imetimia. Hapo safu hazikutani tena, na fundi huanza kuzivuta kwa nguvu ili zilingane, na mfarishi ukitandikwa unajaa mawimbi.

Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Kitenge na kanga mpya huwa na wanga wa kiwandani, nyingine huchuja rangi, na pamba halisi hupungua ikifuliwa. Ukichanganya kilichopungua na ambacho hakijapungua, mfuo wa kwanza utakuharibia kazi. Loweka kila rangi peke yake, ubadilishe maji mpaka yabaki meupe. Kama una shaka iwapo kitenge ni cha pamba, choma uzi wake mmoja: pamba huungua na kuacha majivu laini, ilhali nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Kinachoyeyuka hakitastahimili pasi ya moto ambayo mishono ya pamba inaihitaji, basi kiwekwe kando kwa kazi nyingine.

Kwa mgongo wa mfarishi sijaona kitambaa kinachokishinda kitambaa cha marekani, ambacho kina historia inayotuunganisha na Alabama kwa njia ya uchungu: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja majora ya kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya kwao, na pamba ya viwanda vile ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa. Leo kinapatikana katika maduka mengi ya vitambaa, ni imara, na hakichuji.

Ujazo ndio unaowasumbua wengi, kwa sababu pamba iliyotandazwa tayari kwa kazi hii ni adimu na ni ghali. Naelewa kishawishi cha kutumia sufi kutoka kwenye mito, lakini naomba msiitumie, kwani sufi ikilowa hujikusanya mabonge na kuacha sehemu nyingine tupu. Blanketi jembamba la mtumba, lililofuliwa na kukauka vizuri, linafaa kabisa. Tandaza mgongo sakafuni, upande mzuri ukitazama chini, ukaze kwa utepe wa kubandika bila kuuvuta mno, weka blanketi, weka uso, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikilia tabaka, ukianzia katikati na kuelekea pembeni, mistari ikiachana kiasi cha kiganja. Anayeanzia pembeni husukuma hewa na makunyanzi katikati, na makunyanzi ya mgongoni huonekana baada ya kushona, wakati ambapo dawa yake ni kufumua. Cherehani ya kukanyaga inaiweza kazi hii, mradi ulegeze kidogo mguu unaokandamiza kitambaa, urefushe mshono, na ushone mistari iliyonyooka. Mistari ya kunyooka iliyokaribiana inapendeza mno kwenye mfarishi wa kisasa.

Asiye na cherehani asijione kuwa ameachwa nyuma. Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, ambao mababu zao waliondolewa Afrika, wengi wao kutoka pwani ya mashariki, na kupelekwa Goa enzi za Wareno, hushona mfarishi wao uitwao kawandi kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Mshonaji huanza kwenye pembe ya kitambaa cha mgongo, ambacho mara nyingi ni sari kuukuu, akakunja ukingo, akabandika kipande cha kwanza, akaenda kwa mshono mdogo wa kupenya, akiongeza kipande baada ya kipande na kuzunguka kuelekea katikati, hivyo kwamba kuunga vipande, kufunga tabaka na kumaliza pindo vyote vinafanyika kwa mshono uleule. Kwenye pembe nne huweka vijipande vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani ua, na kawandi isiyo na phula huhesabiwa kuwa haijakamilika. Waliokulia kwenye nyumba za kushona kofia za mkono hawatapata taabu na mshono huu. Wachukue kastabini zao na waanze.

Ukishaulalia wako kwa msimu mmoja, utakuwa umejifunza yasiyofundishwa na mwalimu yeyote: pindo la juu, panaposhikwa na mikono kila usiku, huchakaa kwanza, kwa hiyo lishonwe mara mbili, rangi nyeupe miguuni haifai, blanketi zito mno hufanya mfarishi usikauke siku ya mawingu. Sasa uko tayari kwa familia.

Kwa familia nina mfano mmoja ambao sichoki kuusimulia. Mwaka 1942, huko Gee's Bend, Missouri Pettway alifiwa na mumewe, Nathaniel. Akamwita binti yake, Arlonzia, wakazichukua nguo za kazi za marehemu, wakazikata na kuziunga kuwa mfarishi, na binti huyo alisimulia baadaye kwamba mama yake alitaka kitu cha kumkumbukia mumewe na cha kujifunika chini yake kwa mapenzi. Katika mifarishi ya namna ile, miguu ya suruali hutumiwa ilivyo, na ukiitazama kwa karibu unaona magoti yalipopauka kwa kupiga magoti shambani, na miraba yenye rangi iliyokolea mahali palipokuwa na mfuko uliobanduliwa. Fundi hakuficha alama hizo wala hakuzikata, na ninaamini alifanya sahihi.

Kwetu nguo za marehemu zina utaratibu wake: nyingine hugawiwa ndugu, nyingine hutolewa sadaka, na zipo familia zisizopenda ziguswe na mkasi. Kwa hiyo kabla ya kukata, wazee na watoto wa marehemu waulizwe, na neno lao liheshimiwe hata likiwa ni hapana. Wakikubali, shati jepesi lililochakaa liimarishwe kwanza kwa kulishonea kitambaa chembamba nyuma, lisije likachanika kwenye mshono. Kanga ya mama nayo ni hazina. Usiikate ovyo ukapoteza jina lake. Maneno kama "Nani kama mama" yaachwe mazima katikati ya uwanja mpana wa rangi moja, na pindo la kanga liwe kando.

Kwa rafiki kazi ni nyepesi zaidi, na ushauri wangu ni mfupi: tazama nguo anazovaa siku za kawaida, ndizo zitakazokuambia rangi zake, wala usitegemee unachokipenda wewe. Ukimshonea mwenye mtoto mchanga, shona mdogo wa kutandika sakafuni achezee juu yake, usio na vifungo wala shanga, na umweleze wazi kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asilazwe akiwa amefunikwa kwa matandiko mazito na laini.

Limebaki jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza. Harriet Powers, aliyezaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wenye visa vya Biblia na kuuonyesha katika maonyesho ya pamba ya mji wa Athens mwaka 1886. Baadaye umaskini ulimlazimu kuuza kazi hiyo kwa dola 5 kwa mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Maana ya kila picha tunaijua kwa sababu Powers aliieleza na Smith akaiandika. Washonaji wengi wa wakati wake hawakupata wa kuwaandikia, na kazi zao zimebaki bila majina.

Kwa hiyo andikeni wenyewe. Chukua kipande cha marekani kilichofuliwa, ukipige pasi, uandike kwa wino usiofutika jina lako, jina la mwenye mfarishi, mahali, mwaka, na kila kitambaa kilitoka wapi: bluu ni sare ya shule ya fulani, njano ni doti aliyoleta shangazi kutoka Tanga. Pitisha pasi tena juu ya maandishi ili wino ushike. Kisha ukishone kwenye pembe ya mgongo kabla ya kupiga mistari inayofunga tabaka, ili mistari hiyo ipite juu yake na asiwepo wa kuweza kukibandua bila kuufumua mfarishi.