Vihisi vya ghala la korosho visizibwe na waifai

Haya ndugu zangu, tupo ghalani Masasi. Vihisi vya joto na unyevu vimewekwa kwenye magunia, ruta ya waifai ya karani iko pale mlangoni. Tazama simu: unyevu wa hewa asilimia 62 tangu asubuhi, haujasogea. Kihisi kinatuma, ila hakisikiki. Zigbee, yaani redio ya vihisi hivi, na waifai zote zinatumia gigahezi 2.4, na ruta hurusha hadi miliwati 100 wakati kihisi kina kama miliwati 1 tu. Ni kunong'ona kando ya ngoma ya sindimba.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta, hilo mnalijua. Chaneli weka 1, upana megahezi 20, usiache 40. Zima "otomatiki". Umeme ukikatika na kurudi, ruta yenye otomatiki hujichagulia chaneli upya, kazi yote ikapotea.

Sasa Zigbee. Chaneli zake ni 11 hadi 26, na namba hazilingani na za waifai! Chaneli 11 ya Zigbee ni megahezi 2405, ya waifai ni 2462. Ruta ikiwa kwenye 1, weka Zigbee 25, yaani megahezi 2475. Hapo hata waifai ya jirani ikiwa kwenye 11 yake unapona. Naipenda 25 kuliko 26, kwa sababu vifaa vingine 26 havikubali.

Hapa taratibu, jamani. Badilisha chaneli KABLA ya kuunganisha vihisi. Vya betri hulala muda mwingi; ukihama vikiwa vimelala, vinabaki vinakutafuta kwenye chaneli ya zamani. Narudia: kabla. Kama umeshaviunganisha, hama, kisha bonyeza kitufe cha kila kimoja kukiamsha. Kisichorudi, kiunganishe upya.

Kamera, sogea huku. Mmeona? Kipokezi cha Zigbee, kinachosikiliza vihisi, kimechomekwa kwenye tundu la bluu la kompyuta. Hilo ni USB 3, linatoa kelele ya mawimbi kwenye gigahezi hizihizi. Chomoa, peleka tundu la USB 2, tumia waya wa kuongezea wa mita 1 na nusu, ukiweke mbali na ruta angalau mita 2.

Kihisi usikifukie katikati ya rundo, korosho zina maji na maji hunywa mawimbi. Usikibandike kwenye mlango wa bati pia. Katikati ya ghala chomeka soketi janja ya Zigbee, ipokee mawimbi ya vihisi na kuyapeleka mbele.

Ngoja, ile taa ya soketi mbona imezima? Swichi ya ukutani imezimwa. Washa, bandika karatasi: USIZIME.

Angalia sasa, 62, 64. Ubora wa mawimbi ya kihisi cha mlangoni, namba ikiwa kubwa ni bora, umetoka 30 hadi 110. Cha kona ya nyuma bado 40. Huyo mwongezee soketi ya pili, mita 2 juu ya sakafu, iyapite magunia.