Askari wa akiba ana shamba lake

Habari za saa hizi maafande, na nyinyi raia mliokuja karibuni sana. Leo projekta imekataa kuwaka kwahiyo tutaongea tu, jinsi ya kumuongoza askari wa akiba.

Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, ya 2005 inasema jeshi letu lina watu wa kudumu na watu wa akiba. Sawa. Lakini huyu wa akiba ukimkuta mtaani ni mtu wa boda, ni mwalimu, ni mama anauza matoke, halafu wikendi unataka akupigie saluti kama kuruta wa chuo cha jeshi Kabamba!

Mimi mwenyewe nilikosea. Mwaka mmoja niliita mazoezi Aprili, wiki mbili, na mvua ndo imekolea. Paredi ya kwanza nahesabu, nusu hawapo. Nikapandwa na hasira, nikaandika majina, hawa nitawaonyesha, nikamfuata mmoja mpaka kwao nikamkuta matope yamefika magotini anapanda maharage na mke wake, na mbegu yenyewe ya kukopa. Akasimama imara, jembe mkononi, "Afande, nikija kambini, huku nani atapanda?" Sikuwa na jibu. Nikapanda nao mistari miwili nikaenda zangu. Mazoezi yaliyofuata nikayapeleka Julai watu wameshavuna, na tarehe nikawapa mapema. Walikuja, hata wale niliowaandika.

Halafu hela. Ukisema posho Mtanzania anafikiria pesa, Mganda anafikiria chakula, askari wa akiba anataka zote mbili na kwa wakati. Mtu wa boda akilala kambini, mwenye pikipiki bado anadai hesabu yake ya jioni. Kama malipo yatachelewa mwambie mapema, usimzungushe na kesho kesho, maana akikushika uongo mara moja simu yako hapokei tena.

Ila sio hela tu. 2003 kule Teso, mashariki mwa Uganda, Arrow Boys, raia waliojitolea kushika silaha, walipambana na waasi wa LRA wa Kony kwa sababu vilikuwa vijiji vyao vinachomwa. Mtu anajitoa akiona kazi ina maana kwake. Sasa wewe unachukua fundi wa magari unamfyekesha nyasi za kota gadi, pale kwa walinzi wa kambi, siku nzima na lori la kambi limekufa pale nyuma! Mpe spana bwana. Mimi nilimpa mmoja asubuhi, saa nane mchana lori likawaka, jamaa hakukosa paredi tena.

Adhabu mnazijua kunishinda, naziruka.

Haya, afande pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema posho. Uliza.