Tanga mpaka Dar ni mbali kiasi gani?

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo zenu. Nashukuru mmeacha baraza zenu mkaja.

Nianze na swali, Tanga mpaka Dar ni kilomita ngapi? Nasikia 350, sawa, hiyo ni ya basi. Basi linaanza kwa kuipa bahari mgongo, Muheza hapo machungwa dirishani, mpaka Segera ndo linakata kusini kutafuta Chalinze, halafu linageuka tena mashariki kurudi pwani, yaani tunazunguka weee. Ndege haina habari na Segera. Na hesabu yake unaipiga hapohapo ulipokaa: Tanga tupo nyuzi 5 na kidogo kusini ya Ikweta, Dar inakaribia 7, tofauti kama 1.8, na kila nyuzi moja ya kwenda kusini ni kilomita 111 hivi. Zidisha. Umepata 200, basi! Kile kindege cha injini moja kinakwenda kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo dakika 40, ongeza za kupaa na kushuka.

Lakini kilomita pekee hazikupi muda. Wavuvi mliokaa hapo mbele mnalijua hili kuliko mimi, ukipata kusi jahazi linakwenda Mombasa mbio, kurudi na kusi ileile utataabika. Ndege nayo hivyohivyo. London mpaka New York ni kama kilomita 5,550, kwenda masaa 8 hivi, kurudi 7 au pungufu, sababu huko juu kuna upepo mkali sana unaovuma kutoka magharibi, unaikaba ndege ikienda na kuisukuma ikirudi.

Sasa hili linaniuma na ndo limenileta. Binamu yangu alipata safari ya Dubai, ndege saa 10 jioni kutoka Dar. Akapiga hesabu, basi masaa 6, nikipanda saa 3 asubuhi saa 9 nimefika, nina saa nzima mkononi. Jamani, saa nzima! Kaunta inafungwa kama saa moja kabla ndege haijaruka, na safari za nje unatakiwa uwepo masaa 3 kabla, tena basi linakushusha Mbezi, kutoka pale mpaka uwanjani kuna foleni. Mbezi alifika saa 9 na nusu. Tiketi ikaungua, na ile hela mama yake aliikopa. Kwa hiyo nawaomba, anzeni kuhesabu kutoka mlangoni kwenu, msianzie ndege inaporuka, na kama ndege ni ya jioni laleni Dar.

Na saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya kulekule unakofika. Dar mpaka Dubai ni karibu kilomita 4,000, masaa 5 na nusu hivi, ila ukitoka saa 10 jioni tiketi itakuandikia saa 4 na nusu usiku, utadhani ni masaa 6 na nusu, kumbe wenzetu wametutangulia saa moja.

Dada umeuliza Pemba. Kutoka uwanja wetu mpaka wa kule Chake ni kilomita 80 na kidogo, dakika 20 umetua. Lushoto kwa mstari ulionyooka inapita 90, kwa hiyo angani Pemba ipo karibu na nyie kuliko Lushoto, na Lushoto ni mkoani kwenu.