Kipande cha dakika moja kutoka utotoni: cherehani ya mama

Karibuni tena, wapenzi wa kinanda. Leo tunatunga. Chako chochote kinatosha, hiki changu ni cha vitufe 61. Washa, weka sauti ya piano, twende.

Chagua kumbukumbu moja, yenye mlio. Utoto mzima hauingii kwenye dakika moja. Mimi nimechukua cherehani ya mama, ile ya kukanyaga. Nilikuwa nakaa chini ya meza yake naokota vifungo, juu yangu taka-taka-taka, kimya, anageuza kitambaa, taka-taka-taka tena.

Mlio huo ndio mkono wa kushoto. Noti sita: la, mi, so, la, so, mi. Sikiliza. Tena. Unazungusha hivyohivyo. Pedali usiiguse, noti zitashikana ziwe uji.

Subiri, kamera inashuka... Haya, vidole vinaonekana sasa? Kidole cha mwisho kwenye la ya chini, gumba kwenye la ya juu.

Hapa naomba usikimbie. Kabla hujaleta mkono wa kulia, ongea huku wa kushoto unazunguka. Taja majina ya ndugu zako wote, mkubwa mpaka kitinda mimba. Mkono ukisitasita, bado. Niliwahi kupaharakisha hapa, nikaenda kupiga mbele za watu. Wa kushoto ukaanza kuufuata wa kulia, kipande kikavunjika katikati. Kwa hiyo kushoto kwanza, hata siku tatu.

Tayari? Kulia ni yule mtoto chini ya meza, anahesabu vifungo nne-nne: mi, so, la, so. Ukitaka kubadilisha, chagua kwenye do, re, mi, so, la tu. Kushoto sita, kulia nne: zinaachana, halafu baada ya noti 12 zinaanza pamoja tena, kushoto umezunguka mara mbili, kulia mara tatu. Zikipishana usishtuke, utamu uko hapo. Ila kushoto usibadilike! Unasikia? Usibadilike.

Njia hii ya kushoto kuzunguka nimejifunza kwa Chick Corea, mpiga piano wa jazi wa Marekani. Alianza kuandika nyimbo zake fupi za watoto mwaka 1971, zikafika 20, albamu ikatoka 1984. Nikiona nimeanza kurundika kodi nzito, yaani noti nyingi kwa mpigo mmoja, narudi kuzisikiliza, kisha nafuta nusu ya nilichoandika. Kwangu noti chache zinamleta mama karibu zaidi.

Mwisho usipunguze mwendo. Uzi ukikatika, cherehani inanyamaza palepale. Mimi naachia kwenye noti ya tano, ile so, mi ya mwisho siipigi. Inua mikono yote miwili kwa pamoja.

Haya, napiga chote. Moja, mbili...