Ukomo wa Riba Kenya, 2016–2019: Hesabu ya Mkopo Mdogo

Habari za asubuhi, wanafunzi. Mchoro wa ukomo wa bei mnaujua: bei ikifungwa chini ya ile ya soko, wanaotaka wanaongezeka na wanaotoa wanapungua. Leo tuuache mchoro, tupige hesabu ya benki.

Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Benki, nayo yakaanza kutumika Septemba 14. Riba ya mkopo isizidi kiwango cha Benki Kuu, yaani riba ya msingi inayotangazwa na benki hiyo, kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Akiba inayozaa riba ilipwe angalau asilimia 70 ya kiwango hicho. Mwezi huohuo Benki Kuu ilishusha kiwango chake hadi asilimia 10, kwa hiyo mkopo ukaishia asilimia 14 na akiba ikaanzia 7. Kabla ya hapo wastani wa riba za mikopo ulikuwa karibu asilimia 18, huku benki kubwa zikivuna faida nono. Hasira ya wananchi ilikuwa na msingi, na msiidharau mnapoandika insha zenu.

Sasa shikeni kalamu. Benki ina shilingi 1,000,000 za wateja. Inakopesha wenye vioski 100, kila mmoja 10,000 kwa mwaka. Riba ni 140,000. Wenye akiba wanachukua 70,000. Kumhoji mkopaji, kukagua kioski na kufuatilia marejesho, tuchukulie ni 300 kwa kila mtu: 30,000. Zimebaki 40,000. Mkopaji mmoja akishindwa kabisa, mtaji na riba vinavyopotea ni 11,400. Wakishindwa wanne, ni 45,600, na benki imeingia hasara ya 5,600. Wanne tu kati ya mia!

Angalieni pia ile 300. Kazi ya kumchunguza mwenye kioski haipungui kwa sababu anataka pesa kidogo. Kwa mkopo wa 10,000 gharama hiyo ni asilimia 3. Kwa kampuni inayokopa milioni, hata uchunguzi ukigharimu mara kumi, ni asilimia 0.3. Ndiyo maana ukomo mmoja kwa wote humwangukia mdogo kwanza.

Upande wa pili iko serikali, ambayo nayo inakopa. Mwaka 2017 hati za Hazina za siku 364, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zililipa karibu asilimia 11. Milioni ileile inaleta 110,000. Toa 70,000 za wenye akiba, zinabaki 40,000, sawa na vioski mia ambavyo hakuna hata kimoja kilichoshindwa kulipa. Hapa hahitajiki meneja mwenye roho mbaya. Hesabu yenyewe inamwelekeza Hazina.

Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulianguka hadi chini ya asilimia 3 mwaka 2017. Lakini tahadhari: ulikuwa umeanza kushuka kabla ya sheria, na mwaka huo ulikuwa na ukame na uchaguzi. Anayeibebesha sheria lawama yote hajachambua. Kwa wenye akiba, benki nyingi ziliwahamishia kwenye akaunti zisizozaa riba, na mwaka 2018 Bunge likaondoa kile kiwango cha chini. Aliyenyimwa mkopo benki alibaki na simu yake: M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiuchukua upya kila mwezi, kwa mwaka ni asilimia 90.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa kuufunga ukomo kwenye kiwango cha Benki Kuu. Kwa kawaida Benki Kuu hushusha kiwango ili mikopo iongezeke. Julai 2018 ilikishusha kutoka 9.5 hadi 9. Papo hapo ukomo ukatoka 13.5 hadi 13, na kwa wakopaji wengine wenye hatari kubwa kidogo ya kushindwa kulipa, riba ikawa haitoshi tena kufidia gharama ya kuwakopesha. Dawa ya kuchochea uchumi ikawa inaubana.

Ukomo uliondolewa Novemba 2019. Riba hazikupaa mara moja; mwaka 2020 wastani ulikaa karibu asilimia 12, kwa kuwa janga la korona lilipunguza wenye haja ya kukopa na benki zilihitaji idhini ya Benki Kuu kabla ya kubadili bei zao. Sheria iliyogusa chanzo, nadhani, ni ile ya 2017 iliyorahisisha kuweka dhamana mali inayohamishika, kama mashine, mifugo na bidhaa za stoo. Inapunguza hasara mkopaji anaposhindwa, na hasara hiyo ndiyo iliyokula zile 40,000.

Kabla ya kipindi kijacho, rudieni hesabu kwa riba ya asilimia 18, gharama nyingine zikibaki vilevile. Tafuteni ni wakopaji wangapi wanaweza kushindwa kabla benki haijapata hasara, kisha mrudie tena mkichukulia kwamba kila anayeshindwa ana mali ya dhamana inayouzwa kwa 5,000.