Saa ya Kushuka: Kupanda Mawe ya Mwanza Msimu wa Vuli

Mwangaluka! Mmeitika vizuri, hata nyie wageni wa Dar mmejitahidi.

Nimeombwa nizungumzie matembezi ya siku moja ya vikundi, haya ya kupanda vilima kutazama mandhari, na hasa msimu huu wa vuli. Nianze na neno lenyewe, maana linapotosha. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kikundi chetu alinionyesha picha kwenye simu: milima ya Marekani, majani mekundu na ya njano, watu wamepanga foleni juu ya jabali wakitazama maporomoko ya maji. Akaniuliza, "Mwalimu, hii si ndiyo vuli? Ya kwetu iko wapi?" Kweli, kamusi inatumia neno hilohilo kwa majira yale. Kule siku zinafupika, mti unaacha kutengeneza rangi ya kijani, na njano iliyokuwa imejificha ndani ya jani muda wote inajitokeza. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata dakika 20. Mti wetu hauoni siku ikifupika. Wekundu wetu ni wa mikrismasi, nayo ni maua. Vuli yetu sisi ni mvua, basi.

Kwa hiyo mwenzetu wa kule akiamka anajiuliza majani yameiva kiasi gani. Wewe wa Mwanza jiulize: saa ngapi nitakuwa nimeshuka? Vikundi vingi vinapanga saa ya kuondoka, tena vinaiandika kwa herufi kubwa kwenye WhatsApp, na saa ya kushuka haimo kabisa. Mimi naipanga hiyo kwanza. Saa tano asubuhi mtu wa mwisho awe ameacha jiwe la juu. Halafu narudi nyuma: kupanda saa moja na nusu, kukaa juu saa moja, na nusu saa ya yule ambaye lazima atafunguka kamba za viatu. Inaangukia saa mbili kamili mguu wa kwanza juu ya jiwe. Ndiyo maana tunakutana saa 12 kasorobo, na ndiyo maana mnanichukia.

Kwa nini saa tano? Mchana nchi kavu inashika joto haraka kuliko ziwa. Hewa ya juu ya nchi inapanda, na upepo wa ziwani unaingia kuchukua nafasi yake ukiwa umebeba unyevu. Ukikutana na vilima, unapanda navyo. Saa nne mtaona vijiwingu vya pamba, vya kupendeza, watu wanavipiga picha. Saa saba vimeungana na kuwa kitu kimoja kirefu chenye tumbo jeusi. Saa nane unasikia ngurumo. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, upepo unatoka bara kwenda majini, dhoruba zinakusanyika juu ya ziwa. Waulizeni wavuvi wa dagaa, hao wanazijua kwa ngozi. Eneo hili la ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kabisa barani Afrika. Si kila siku inafuata ratiba hiyo, zipo siku mvua inaanza alfajiri. Siku hiyo tunarudi kulala, hakuna mjadala.

Na juu ya jabali tupu, kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Ukisikia ngurumo tu, shuka. Kama mmeshafika chini penye usalama na mnataka kupanda tena, subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Na ile tabia ya kujibanza kwenye mdomo wa pango la jiwe, muiache, kwa sababu umeme unaweza kuruka kutoka ukingo wa juu wa pango hadi chini, na katikati umekaa wewe na chupa yako ya maji.

Sasa mawe yenyewe. Hapa nitachelewa kidogo, mnivumilie, nayapenda.

Tunaitwa Jiji la Miamba, lakini watoto wetu wengi wanaamini kuna aliyeyapandisha mawe haya yakabebana vile. Hakuna aliyeyapandisha, udongo ndio ulioshuka. Haya ni matale, graniti, yaliyopoa kutoka uji wa moto chini sana ya ardhi, umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Mwamba ulipasuka nyufa za kusimama na za kulala, kama mkate uliokatwa vipande. Maji yakapenya kwenye nyufa na kuozesha jiwe likiwa bado limefunikwa. Kona huliwa haraka kuliko bapa kwa sababu inashambuliwa pande mbili tatu kwa pamoja, kwa hiyo vipande vya mraba vikawa mviringo. Kisha mvua za miaka isiyohesabika zikaosha ile takataka laini, mawe yakabaki yamekaliana. Jiwe la Bismarck pale ziwani karibu na bandari, ambalo kila mgeni lazima apige nalo picha, ni kazi hiyohiyo.

Mpandaji anafaidikaje na habari hii? Jiwe hili huchunika kwa maganda, kama kitunguu. Mkigonga ganda likalia kama ngoma, msikanyage. Likiwa kavu, jiwe linashika soli vizuri mno, mpaka mtu anajiona mjusi. Tunaye mjusi wetu, yule mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, wataalamu wamempa jina la Mwanza kabisa, *Agama mwanzae*. Yeye anapanda ukuta uliosimama. Wewe hapana. Na jiwe likilowa, ile kuvu na ukoga mweusi usiouona wakati wa jua vinageuka sabuni.

Mnaniuliza pia kuhusu maporomoko. Tuseme ukweli: mjini hapa hatuna. Vilima vyetu ni vidogo na havina udongo wa kutunza maji. Mvua ikinyesha yote inateremka papo hapo kwenye mifereji, inaingia Mto Mirongo, inaishia ziwani. Kwa huku Kanda ya Ziwa, maporomoko ya kufunga safari ni Rusumo, kwenye Mto Kagera mpakani na Rwanda, na hiyo si safari ya siku moja kutoka hapa. Ziwa lenyewe lilikuwa na poromoko lake pale linapotokea Mto Nile, Jinja, Uganda. Likazama lilipojengwa bwawa la Owen, lililozinduliwa 1954. Lakini tunayo maporomoko ya saa moja. Mvua kubwa ikipiga, jabali zima linavaa shuka jeupe la maji, linanguruma, baada ya saa hakuna kitu. Ni zuri mno. Litazameni mkiwa barazani kwa mtu.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nililitazama nikiwa juu yake. Ilikuwa Novemba, upande wa Luchelele, tuko 14. Tulimsubiri mwenzetu mmoja, na aliyeamua tumsubiri ni mimi, tukaanza kupanda saa nne na nusu. Saa saba tuko juu tunakula michembe ya viazi vitamu na karanga, tunachekeshana, wingu liko nyuma yetu na hakuna aliyegeuka. Mvua ilitushika kwenye bapa moja tulilopanda kwa kutembea tu, mikono mfukoni. Kushuka tuliteremka kwa makalio. Binti mmoja aliteleza kama hatua sita, kifundo cha mguu kikavimba hapohapo. Tulimshusha kwa kanga mbili zilizofungwa pamoja, na jua linazama kama saa 12 na nusu, giza linaingia bila hodi. Tulifika barabarani saa moja usiku. Aliyetusaidia kilima chote cha mwisho alikuwa mama mmoja wa pale, mwenye kandambili, ambaye njia ile anaipanda kila siku na ndoo ya maji kichwani. Mimi nilikuwa nimevaa buti.

Hilo la mama linanipeleka kwenye jambo ambalo wapandaji wa mjini wanalisahau. Vilima vyetu si hifadhi, ni mitaa. Bugando, Isamilo, Mabatini, Igogo, watu wamejenga mpaka chini ya mawe. Njia yako ni ua wa mtu. Piga hodi, amkia, usikanyage dagaa walioanikwa. Yapo mawe yenye matambiko. Mzee akisema hapo hapapandwi, hapapandwi.

Juu mkifika, tulieni mtazame. Agosti 1858 Mwingereza Speke alisimama kwenye kilima cha huku, akaliona ziwa, akasema chanzo cha Nile ndicho hiki, na bila kulizunguka akaondoka. Wenzake walibishana naye miaka. Ila nampa alama moja: alikuja kiangazi. Mkitazama maji yale kumbukeni pia kwamba zaidi ya miaka 15,000 iliyopita ziwa lilikauka. Mawe haya yalikuwa yamekaa hivihivi, yanatazama nyika.

Mkishuka, msiende kunawa miguu ziwani. Kichocho kipo, na vimelea vinatoka kwenye konokono kwa wingi jua likiwa kali, saa zilezile mtakazokuwa na hamu ya kujimwagia. Nawia maji ya chupa.

Jumamosi basi, saa 12 kasorobo, atakayechelewa atatukuta tunashuka. Mama wa nyumba ya bati la bluu amekubali tupite uani kwake. Ameomba kitu kimoja: ile spika yetu ya muziki ibaki nyumbani.