Lebo Ikikatikiwa Umeme: Ikumbuke Nini, Kwa Muda Gani

Asanteni. Niingie moja kwa moja kwenye mada, maana muda wangu ni mfupi na chipu ninazozizungumzia zina muda mfupi zaidi.

Lebo ya redio isiyo na betri, ile inayobandikwa kwenye maboksi, nguo au vitabu vya maktaba, haina umeme wake. Kisomaji kinarusha mawimbi, antena ya lebo inayadaka, chipu inayageuza kuwa umeme na kuamka. Umeme wenyewe ni maikrowati tu. Mawimbi yakikoma, chipu inazimika bila onyo.

Na hukoma mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye megahezi 915 wimbi lina urefu wa sentimeta 33 hivi. Mawimbi yanayofika moja kwa moja hukutana na yale yaliyogonga ukuta na sakafu, na kuna sehemu yanafutana kabisa. Boksi likisogea sentimeta chache linaingia kwenye sehemu hiyo, likisogea tena linatoka. Kwa hiyo lebo iliyo kwenye mkanda unaotembea inaweza kufa na kufufuka mara kadhaa kabla haijapita kisomaji.

Sasa fikirieni kisomaji kinachohesabu lebo mia moja. Kila iliyokwisha kujibu inapaswa kunyamaza ili nyingine zisikike. Ndiyo maana itifaki ya Gen2, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kisomaji na lebo zilizotolewa na shirika la viwango la EPCglobal mwaka 2004, inaipa lebo bendera, alama ndogo ya kukumbuka, yenye hali mbili, A na B. Ukihesabiwa ukiwa A, unageuka B. Lakini ikiwa lebo inasahau kila inapokatikiwa, inarudi A, inajibu upya, na hesabu haiishi.

Itifaki ikaweka vikao vinne vya kuhesabu, S0 hadi S3, kila kimoja na bendera yake; kisomaji huchagua kitumie kipi. Bendera ya S0 inasahau papo hapo umeme ukikatika. Ya S1 inadumu kati ya nusu sekunde na sekunde 5, umeme uwepo usiwepo. Za S2 na S3 hukaa muda wote lebo ikiwa na umeme, na baada ya kukatika lazima zidumu zaidi ya sekunde 2.

Mtu atauliza: kwa nini bendera isiandikwe kwenye kumbukumbu ya kudumu, mambo yaishe? Kwa sababu kuandika huko kunadai volti zaidi ya kumi, ambazo chipu inabidi izipandishe yenyewe kutoka kwenye umeme wake kiduchu. Kunachukua milisekunde, na seli, vile vijumba vinavyoshika data, huchakaa kwa kuandikwa. Kwa hiyo bendera huwekwa kama chaji kwenye kapasita, kihifadhi kidogo cha chaji ndani ya chipu, na kapasita hiyo ni ndoo iliyotoboka: imejaa, lakini inavuja kupitia transista. Uvujaji huo hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Toka nyuzi 20 hadi 50 unavuja kama mara nane. Ukipima lebo zako kwenye chumba chenye kiyoyozi halafu ukazipeleka kwenye ghala la mabati, umepima kitu kingine.

Hapa ndipo nagombana na wenzangu. Wengi wanataka bendera idumu, idumu, idumu. Angalieni tena ile S2: ina kiwango cha chini, haina cha juu. Boksi linapita lango la kwanza, linahesabiwa, bendera inakuwa B. Dakika moja baadaye lipo lango la pili, ambalo nalo linatumia S2 na linauliza walio A tu. Lebo haijasahau, inakaa kimya. Boksi lipo mbele ya macho, kompyuta inasema halipo! Mtatafuta hitilafu kwenye antena mchana kutwa. Dawa ni lango la pili litumie S3, au kabla ya kuhesabu litume amri ya kurudisha bendera zote A.

Kwenye kumbukumbu ya kudumu tatizo ni jingine: umeme kukatika katikati ya kuandika. Seli inabaki na chaji nusunusu. Leo inasomeka 1, kesho, joto likibadilika, 0. Bora ingekuwa na kosa moja lisilobadilika. Kadi za MIFARE Classic, za kugusisha kama zile za nauli, zina mpangilio wa kujikinga: kwenye baiti 16 thamani, tuseme salio, inaandikwa mara tatu, moja ikiwa imepinduliwa (0 kuwa 1, 1 kuwa 0), na anwani mara nne. Lakini mpangilio huo unakwambia tu kwamba data imeharibika, haukurudishii salio la zamani. Ukitaka salio lisipotee, uwe na nafasi mbili: andika jipya pembeni, lisome ulihakiki, ndipo uligeuze kuwa halali. La zamani usiliguse hadi hapo. Na mkumbuke kuandika kunadai nguvu zaidi ya kusoma, kwa hiyo umbali unaosomeka vizuri si lazima uandikike.

Nimalizie na kitu ninachokipenda. Mwaka 2012 watafiti wa mradi wa TARDIS waligeuza usahaulifu wenyewe kuwa saa. Kumbukumbu ya SRAM, ile ya muda ambayo chipu hufanyia kazi, ikikosa umeme, seli zake hupoteza data kidogo kidogo. Chipu ikiamka inahesabu zilizobaki na kukadiria imelala muda gani. Kwa njia hiyo lebo inaweza kumkatalia mtu anayeibahatishia nenosiri harakaharaka, hata akiizima kila baada ya jaribio. Ila naona bwana pale nyuma anatikisa kichwa, na ana haki: mshambuliaji akiipasha lebo moto, seli zinapotea upesi, nayo itaamini muda mrefu umepita. Kwa hiyo inabidi ipime na joto lake.